Sura ya Saba: Dawa Baada ya Kisu

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, pale Kwihara, kuna tembe ambalo kila mgeni hupelekwa kulitazama. David Livingstone alikaa humo mwaka 1872. Mwandishi wa habari Henry Stanley alimuaga tarehe 14 Machi akaelekea pwani, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi watakaotumwa kutoka Unguja. Walifika Agosti, naye akaondoka tarehe 25 ya mwezi huo. Vitabu vya shule husimulia jinsi wawili hao walivyokutana Ujiji. Havisimulii kwamba mzee yule alikuwa ameteseka miaka kadhaa kwa kutokwa na damu kwenye njia ya haja kubwa.

Alikuwa daktari, kwa hiyo hakuwa mjinga wa jambo hilo. Alipokuwa kwao mwaka 1864, bingwa wa upasuaji wa Edinburgh, James Syme, alimshauri apasuliwe bawasiri. Hakupasuliwa, akarudi Afrika nazo. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Farijala, mmoja wa watu wake, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyefungua tumbo ili viungo vya ndani vizikwe na mwili ukaushwe kwa safari. Ubavuni kushoto waliona bonge la damu iliyoganda, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Mwili ukapita tena Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, mwezi Oktoba, mabegani mwa watu, ukielekea Bagamoyo.

Sina nia ya kumbambikia marehemu saratani. Kuhara damu na malaria vilitosha kummaliza mtu aliyetembea kama alivyotembea yeye. Ninachokiokota katika habari yake ni hiki: damu yote iliwekwa kwenye hesabu ya bawasiri, na katika zama zile hapakuwa na chombo cha kutazama juu ndani ya utumbo mpana. Kamera za kupita utumbo mpana wote zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960.

Leo kamera zipo, ila si Urambo wala Sikonge. Mgonjwa anaingia zahanati, anaulizwa, "Mzee, hii damu imeanza lini?" Anajibu kwa aibu kwamba ni mgoro tu, umemsumbua tangu kiangazi. Anaandikiwa dawa ya amiba, au ya minyoo, au ya kichocho. Mhudumu hakosei kuanza hapo. Amiba zipo, kichocho cha tumbo kimejaa kandokando ya maziwa yetu makubwa, na mara nyingi anapatia. Tatizo ni yule mmoja anayerudi mara ya tatu akiwa amekonda, choo kimebadilika na kuwa chembamba, damu imepungua mwilini, na bado anaongezewa dozi ileile. Huyo alipaswa kupata rufaa aliporudi mara ya pili.

Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walikusanya mafaili ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana zaidi ya 300 waliofika kwao kwa muda wa miaka mitano hivi, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Umri wa kati ulikuwa miaka 46. Wengi walifika ugonjwa umekwisha kusambaa kwenye matezi au mbali zaidi. Miaka 46 ni umri wa mtu mwenye watoto shuleni na shamba linalomngoja, wakati Ulaya na Marekani ugonjwa huu ulizoeleka kuwa wa wazee.

Habari hii ingemshangaza Denis Burkitt. Daktari huyu wa upasuaji kutoka Ireland alifanya kazi Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala, mpaka mwaka 1966, na akatangaza duniani kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu vijijini Afrika. Sababu aliyoishikilia ni chakula: Waafrika walikula nafaka na mizizi yenye makapi, choo chao kilikuwa kingi na kilipita upesi, utumbo haukukaa na sumu muda mrefu. Kwa lugha ya jikoni kwetu, alikuwa anatetea dona dhidi ya sembe. Sehemu kubwa ya hoja yake imesimama mpaka leo. Lakini uadimu ule haukudumu. Uchunguzi wa mafaili ya hospitali za Muhimbili na Ocean Road, Dar es Salaam, kuanzia 2005 hadi 2015, ulionyesha wagonjwa wa saratani hii wakiongezeka mara sita. Sehemu ya ongezeko ni ugonjwa wenyewe, sehemu ni kwamba vipimo vimeongezeka na watu wanafika hospitali, na huwezi kuchora mstari mnyoofu kati ya hayo mawili. Karibu nusu ya wagonjwa hao waliandika Dar es Salaam kuwa makazi yao, jambo linalotuambia kuhusu jiji, na pia kuhusu watu wa bara wasiofika huko.

Sasa tuseme mgonjwa wetu amefika, amemulikwa, kinyama kimechukuliwa, amepasuliwa. Daktari mpasuaji amekata kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na mafuta yanayobeba matezi, akaunganisha ncha mbili, au akatoa utumbo nje kwenye ngozi ya tumbo mgonjwa ajisaidie kwenye mfuko. Ndugu wanapongezana. Daktari anasema wameutoa wote. Anasema kweli, kwa kadiri ya macho yake.

Kilichotolewa hutiwa kwenye chombo chenye formalini kikapelekwa maabara, na hapo ndipo hatima ya mgonjwa inapoandikwa. Mtaalamu anatakiwa ahesabu matezi yasiyopungua 12. Yakiwa safi na uvimbe haukutoboa ukuta, mgonjwa huenda asihitaji kitu kingine. Likipatikana hata tezi moja lenye saratani, ugonjwa uko hatua ya tatu, na maana yake ni kwamba kabla ya kisu kufika baadhi ya seli zilikuwa zimeshasafiri. Damu itokayo kwenye utumbo mpana hupita kwanza ini kabla ya kurudi moyoni, ndiyo maana ini ndilo linaloongoza kwa kupokea marudio. Seli chache zilizotulia humo hazionekani kwa kipimo chochote cha picha. Marudio mengi hujitokeza ndani ya miaka mitatu ya kwanza, mengine baadaye.

Kwa nini zisife zote kwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ikitolewa baada ya upasuaji? Historia ya njia ya misafara iliyopita Tabora inatoa mfano nisioweza kuuacha. Wapagazi wa Kinyamwezi walisafiri kiangazi, mvua zikikaribia walirudi mashambani kwao. Wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, wapagazi wao walitawanyika na msafara ukakwama wiki tano. Ambaye angeweka mtego barabarani mwezi ule asingemnasa mpagazi hata mmoja; walikuwa nyumbani wakilima. Dawa nyingi za kemo ni mtego wa barabarani. Hunasa seli iliyo katikati ya kujigawa. Seli iliyolala kwenye ini haimo safarini, dawa inapita juu yake, na mwaka mmoja baadaye inaamka.

Burkitt huyohuyo ndiye aliyetuonyesha upande wa pili. Mwaka 1957 pale Mulago alimwona mtoto mwenye uvimbe wa taya uliokua kwa kasi ya kutisha, akamfuatilia yeye na watoto wengine wa namna yake, na Oktoba 1961 akaondoka Kampala na madaktari wawili katika gari kuukuu aina ya Ford. Kwa wiki kumi walipita hospitali moja baada ya nyingine hadi Afrika Kusini wakiuliza nani ameuona ugonjwa huo na nani hajauona. Uvimbe ule unaitwa sasa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1960 madaktari wa New York walikuwa wamekuja Afrika Mashariki na methotreksati, wakaifanyia kazi pamoja na Burkitt mwenyewe na Peter Clifford wa Nairobi. Baadaye ikaja siklofosfamidi. Taya zilizovimba zilinywea ndani ya siku chache, na wapo watoto waliopona kwa dozi moja au mbili tu, bila mionzi, katika wodi zisizo na vifaa vya ajabu. Seli za limfoma hiyo huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na karibu zote zimo kazini kwa wakati mmoja. Zote ziko barabarani. Saratani ya utumbo mpana si ya namna hiyo, na anayemwahidi mgonjwa wake kwamba kemo itafanya utumboni kile ilichofanya tayani anamdanganya.

Dawa kongwe ya ugonjwa huu ni florourasili. Charles Heidelberger aliitengeneza Marekani mwaka 1957 baada ya kugundulika kwamba uvimbe hunyonya urasili, kemikali ya ujenzi wa seli, kwa pupa kuliko tishu nzima. Akaigeuza urasili kidogo. Seli ikaila bila kujua, kiwanda chake cha kutengeneza vinasaba kikakwama. Kwa zaidi ya miaka thelathini haikuthibitika sawasawa kwamba kuitoa baada ya upasuaji kunazuia ugonjwa kurudi. Aliyevunja ukimya huo ni Charles Moertel wa Mayo Clinic, mwaka 1990, na mwenza wa florourasili katika jaribio hilo alikuwa dawa ya minyoo. Wazazi wa zamani wanaikumbuka kwa jina la Ketrax. Ni levamisoli, ileile ambayo wafugaji wa Igunga na Nzega hadi leo huwanywesha mbuzi na ng'ombe. Iliingizwa kwa matumaini kwamba itaamsha kinga ya mwili. Baadaye ilionekana haikuwa na mchango wa maana, ikatupwa, na nafasi yake ikachukuliwa na asidi ya foliniki.

Matokeo ya Moertel kwa wagonjwa wa hatua ya tatu yanafaa kusomwa polepole. Baada ya miaka mitatu na nusu, kati ya kila 100 waliopasuliwa tu, 47 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa. Kati ya kila 100 waliopewa dawa, walikuwa 63. Dawa iliokoa 16, na hilo si dogo hata kidogo. Lakini tazama wengine. Watu 47 walitapika, walidhoofika, na walilipa nauli kwa ajili ya dawa ambayo hawakuihitaji, kwa kuwa kisu kilikuwa kimewaponya. Watu 37 waliipata yote na ugonjwa ukarudi vilevile. Siku ya dripu ya kwanza, wote 100 hukaa benchi moja na hakuna anayejua nani ni nani. Oksaliplatini iliongezwa mwaka 2004 baada ya jaribio la watu 2,246, na waliokuwa salama baada ya miaka mitatu wakapanda kutoka asilimia 72.9 hadi 78.2. Ni hatua nyingine, ila benchi ni lilelile.

Utafiti wote wa miaka ya karibuni juu ya usikivu wa saratani hii kwa kemo ni jitihada ya kuligawa benchi hilo.

Kipimo kilichokomaa zaidi hufanywa kwenye kinyama kilekile kilichokwisha kukatwa. Seli nzima zina protini zinazosahihisha makosa ya kunakili vinasaba. Katika baadhi ya saratani protini hizo hazipo. Uvimbe wa namna hiyo, ukikamatwa hatua ya pili, hurudi mara chache, na florourasili peke yake haiusaidii mgonjwa, kwa hiyo unamwacha apumzike. Maabara inahitaji rangi maalumu kwa protini nne na jicho la mtaalamu. Kwa nchi ambayo wagonjwa wake wengi wana miaka arobaini na kitu, ningekipa kipimo hiki kipaumbele kuliko mashine nyingi zinazozinduliwa kwa kukata utepe, maana kinafichua pia ukoo wenye urithi wa ugonjwa, na watoto wa mgonjwa wanaweza kumulikwa mapema.

Jambo la pili lilitoka Shanghai mwaka 2017. Watafiti walionyesha kwamba bakteria mmoja wa kawaida wa kinywani, Fusobacterium nucleatum, akijenga ndani ya uvimbe wa utumbo huzifundisha seli za saratani kujila sehemu zao wenyewe ili zistahimili dawa. Wagonjwa wenye bakteria hao kwa wingi walirudiwa zaidi. Bado hakuna anayetibiwa kwa kanuni hiyo, lakini imewalazimu madaktari kukubali kwamba ukinzani hautoki kwenye seli peke yake.

La tatu ni damu. Seli za saratani zikifa humwaga vipande vya vinasaba kwenye damu, navyo vinaweza kutafutwa baada ya upasuaji. Nchini Australia wagonjwa 455 wa hatua ya pili waligawanywa: wengine waliamuliwa kwa desturi ya kawaida, wengine kwa kipimo hicho cha damu. Kwa desturi, asilimia 28 walipewa kemo. Kwa kipimo, asilimia 15. Marudio yakawa sawasawa katika makundi yote mawili. Yaani karibu nusu ya kemo iliyokuwa ikitolewa haikuwa na kazi. Ilichapishwa 2022. Bei yake bado ni ya nchi tajiri.

Na kuna usikivu wa aina nyingine, wa mwili badala ya uvimbe. Ini huivunja florourasili kwa kimeng'enya kimoja. Mtu ambaye kimeng'enya chake ni hafifu hubaki na dawa mwilini kupita kiasi, na dozi ya kawaida inaweza kumuua kwa kuharisha na kwa kuporomoka kwa chembe nyeupe za damu. Ulaya ilianza kupendekeza kipimo kabla ya dozi ya kwanza mwaka 2020. Ila badiliko la kinasaba linaloonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika halimo katika orodha fupi iliyotengenezwa kwa Wazungu, kwa hiyo jibu la "salama" kutoka maabara ya huko halimlindi mtu wa Tabora kikamilifu. Muuguzi anayempigia simu mgonjwa siku ya tano na ya kumi anamlinda zaidi.

Nimefika kwenye simu na nauli, na hapa ndipo naona fasihi ya kimataifa inapotupita bila kutuona. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Tabora amepewa rufaa kwenda Bugando, karibu kilomita 350 kupitia Nzega na Shinyanga, au Ocean Road, zaidi ya kilomita 800 kwa reli ya kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya wapagazi. Kanuni ya zamani ya kemo ya utumbo ni dripu kila wiki mbili, mara kumi na mbili. Kwa mtu wa Tabora mjini anayetibiwa Mwanza hizo ni kilomita 8,400 kwenda na kurudi, mbali ya nauli ya msindikizaji na mahali pa kulala.

Mwaka 2018 majaribio sita yaliyounganishwa, yenye wagonjwa zaidi ya 12,000 kutoka nchi 12, yaliuliza kama miezi mitatu inaweza kutosha badala ya sita. Kwa hatua ya tatu yenye hatari ndogo, waliobaki salama baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 83.1 kwa miezi mitatu na 83.3 kwa sita. Watafiti walifurahia zaidi kupungua kwa ganzi ya vidole inayoletwa na oksaliplatini, iliyowasumbua karibu nusu ya waliomaliza miezi sita na chini ya mmoja kati ya watano waliokomea mitatu. Na sisi tufurahie hilo, maana mkulima wa tumbaku asiyehisi ncha za vidole hafungi majani kwenye vijiti vya bani, banda la kukaushia tumbaku, na asubuhi za kipupwe hata kushika kata ya maji kunamchoma. Lakini kwetu faida kubwa iko barabarani. Oksaliplatini pamoja na vidonge vya kapesitabini, kila wiki tatu, kwa miezi mitatu, ni safari nne: kilomita 2,800. Vidonge anameza nyumbani. Mgonjwa anayemaliza miezi mitatu amepata tiba zaidi ya yule aliyepangiwa sita akatoweka baada ya dripu ya pili kwa sababu ng'ombe wa kuuza wamekwisha. Laiti uamuzi ungekuwa wangu, swali la umbali lingeandikwa kwenye fomu ya kupanga dozi, chini ya uzito na kimo.

Kuna saa nyingine inayohesabu. Kemo hupaswa kuanza ndani ya wiki sita hadi nane baada ya upasuaji. Uchambuzi wa Wakanada wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba kila wiki nne za kuchelewa huongeza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 14. Majibu ya kinyama yakikaa mwezi mmoja na nusu, kidonda kikichimba wiki mbili, rufaa ikisubiri sahihi, na karatasi ya ustawi wa jamii ikisubiri mwenyekiti wa kijiji arudi kutoka msibani, muda umekwisha na hakuna mtu hata mmoja aliyefanya uzembe unaoweza kuushika mkononi.

Baada ya dawa kuna kitu kilichonishangaza kwa urahisi wake. Mwaka 2025 zilitolewa takwimu za wagonjwa 889 waliomaliza kemo. Nusu walisimamiwa mazoezi kwa miaka mitatu, mengi yakiwa kutembea kwa haraka, nusu wakapewa kijitabu cha ushauri. Baada ya miaka mitano asilimia 80.3 ya wa mazoezi walikuwa salama, wa kijitabu 73.9. Tofauti hiyo haipungui ile ya oksaliplatini. Kwetu mgonjwa aliyetoka hospitali hukalishwa kwenye mkeka na kukatazwa hata kuchota maji, kwa mapenzi. Ndugu wamwache atembee, kidonda kikishapona.

Kufuatilia marudio nako si uganga. Kipimo cha damu cha CEA, kilichogunduliwa Montreal mwaka 1965, kila miezi mitatu hadi sita. Ultrasaundi au CT ya ini. Kamera baada ya mwaka mmoja. Wengi huviacha kwa kuwa wanajisikia vizuri, na kujisikia vizuri hakusemi lolote juu ya doa la sentimita mbili kwenye ini. Doa hilo likiwa peke yake linaweza kukatwa, ini likaota tena, na wapo wanaoishi miaka mingi baada ya hapo. Likiachwa mpaka macho yawe ya manjano halikatiki.

Ugonjwa ukirudi, swali la kwanza ni tarehe. Kampala mwishoni mwa miaka ya 1960, John Ziegler na wenzake waliowatibu watoto wa limfoma waliona kwamba uvimbe uliorudi ndani ya miezi michache haukusikia dawa tena, lakini uliorudi baada ya muda mrefu mara nyingi ulisikia dawa ileile ya mwanzo. Kwa utumbo mpana madaktari hufikiri kwa mkondo huohuo: aliyerudiwa ndani ya miezi sita tangu oksaliplatini hubadilishiwa dawa, aliyekaa zaidi ya mwaka anaweza kuirudia, kama vidole vimepona ganzi. Kwa hiyo mgonjwa atoke na nakala ya majibu ya kinyama, idadi ya matezi, jina la kila dawa, na siku aliyopata dozi ya mwisho, vyote kwenye karatasi moja ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu faili linaweza kubaki Mwanza wakati yeye amelazwa hospitali ya Kitete, Tabora.